Tausi Katika Ua wa Polisi

Wizi uligunduliwa na Koplo Pechiammal. Alikuja kupokea zamu ya asubuhi, akaingia getini, akasimama. Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kupuliza filimbi wala kuita wenzake. Alivua viatu.

Katikati ya ua wa Kituo cha Polisi cha Soko la Vitunguu, mahali ambapo siku zote pana pikipiki za kesi, madoa ya oili na vichungi vya sigara, alikuwa ametandazwa tausi wa unga mweupe. Kichwa kilianzia kwenye ngazi za mapokezi, shingo ikaizunguka nguzo ya bendera, na mkia ukafunguka mpaka mlango wa mahabusu, kila unyoya na jicho lake. Pikipiki zilikuwa zimesogezwa ukutani na kupangwa mstari mmoja. Pembeni, chini ya turubai, yalikuwepo magunia ya unga wa mchele yaliyokamatwa kwa mfanyabiashara Dhanapal, aliyeshukiwa kuuza unga usio safi. Gunia moja lilikuwa limekatwa lakiri na kulegea tumbo.

Pechiammal aliangalia gunia, akaangalia tausi, akaangalia gunia tena.

"Mama yangu!" akasema. "Wameiba kielelezo, wakatuachia hapa hapa."

Inspekta Poonkodi, mkuu wa kituo, alifika na skuta yake kabla chai haijachemka. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuwatosha watu wawili. Aliizima skuta nje ya geti, kwa sababu ndani hapakuwa na pa kupita.

"Nani amekanyaga eneo la tukio?"

"Hakuna, Afande."

"Hakuna kabisa? Kituo kizima?"

"Afande, nani atakanyaga kolam asubuhi yote hii?" alisema Pechiammal. "Ajitafutie mkosi?"

Ilikuwa kweli. Huu ulikuwa mwezi wa Margazhi, na katika mwezi huo mji mzima wa Madurai huchora kolam, michoro ya unga ya kukaribisha heri. Jua halijachomoza kila mwanamke yuko mlangoni kwake, mgongo umepinda, unga unamtiririka kati ya vidole, nukta kwa nukta, mstari kwa mstari. Ikifika adhuhuri miguu na magurudumu na ndege wamekwisha kuufuta, na kesho anaanza upya bila manung'uniko. Lakini kila mtu huchora mlangoni kwake. Kituo cha polisi hakijawahi kuchorwa hata nukta.

Askari wa zamu walikuwa wamebanana ukutani, wakipita upande upande. Mahabusu nao waliegemea nondo zao na kutoa maoni.

"Ule unyoya wa pembeni umezidi unene, Afande!" alisema mmoja, mwizi wa mifukoni aliyekuwa mgeni wa mara kwa mara. "Mwambieni akija tena apunguze."

"Akija tena atakaa na wewe humo ndani," alijibu Poonkodi. Alijaribu kukunja uso. Uso ulikataa kabisa, ikabidi ageuke ajifanye anakagua nguzo ya bendera.

Furaha hiyo haikudumu. Geti la nyuma, linalounganisha kituo na nyumba za polisi, lilifunguliwa, akatokea Kamishna Msaidizi Kathiresan mwenyewe, sare imepigwa pasi hadi inakatika. Tangu afiwe na mama yake msimu wa mvua, Kathiresan alikuwa hacheki hata kidogo. Na kabla ya hapo alikuwa anacheka kidogo sana.

"Hiki ni kituo cha polisi," aliuliza, "au ukumbi wa harusi?"

Akamnyooshea tausi kidole.

"Mtu ameingia humu, amefungua kielelezo cha serikali, amekaa akachora ndege, akajiondokea. Na mlinzi yuko getini! Wakili wa Dhanapal akisikia, atacheka mpaka akose pumzi. Fagieni."

Hakuna aliyesogea. Ufagio ulikuwa pale pale, na kila askari alikuwa akitazama kitu kingine.

"Afande," alisema Poonkodi, "hicho ni kielelezo kilichotawanywa. Hakiwezi kufagiwa kabla ya picha."

"Pigeni picha."

"Na vipimo."

"Pimeni."

"Na sampuli, Afande, kutoka kila sehemu."

Kathiresan alimtazama kwa muda. "Inspekta, nataka jina kabla zamu ya jioni haijaingia. Usiponiletea, Karuppasamy avue sare. Hati ya kumwachisha kazi nimeshaisaini, iko mezani kwangu." Akageuka kuondoka. Lakini hata yeye, kwa hasira zote zile, alipita ukutani upande upande mpaka akalifikia geti.

Konstebo Karuppasamy ndiye aliyekuwa lindoni. Lilikuwa jitu la masharubu, baba wa mabinti watatu, na Poonkodi alikuwa amefanya naye kazi tangu wote wawili hawajui kufunga mkanda sawasawa. Alimpenda kama kaka. Ndiyo maana alipomkalisha kwenye chumba cha mahojiano alianza kwa ukali.

"Ulikuwa lindoni?"

"Nilikuwa, Afande."

"Ulilala?"

"Sikulala. Naapa kwa binti zangu wote watatu."

"Basi ulimwona mwizi."

"Sikumwona mwizi, Afande."

"Pikipiki nani kasogeza?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Zilikuwa zinaziba njia."

"Njia ya nani?"

Karuppasamy alitazama dari. "Ya hewa, Afande."

"Karuppa."

"Afande."

"Unajua ukinyamaza kazi imekwenda?"

"Najua."

"Na ukisema?"

Karuppasamy aliyavuta masharubu yake, upande huu, kisha upande ule. "Nikisema, Afande, imekwenda vilevile. Halafu na wewe unabaki na mzigo wa kujua. Bora nizame peke yangu."

"Amekupa kitu?"

"Nani?"

"Huyo unayemficha!"

"Afande, wewe unanijua," alisema Karuppasamy, na kwa mara ya kwanza sauti yake iliumia. "Mimi nipewe kitu?"

Poonkodi alitikisa kichwa. Alimjua. Mtu huyu aliwahi kumkimbilia mwenye gari mtaa mzima ili tu amrudishie mwavuli. Akamwacha aende akanywe chai, naye moyo ukamwuma alipomwona ameinama mlangoni, mtu mkubwa vile, kama tayari amevuliwa sare.

Alirudi uani na kuchuchumaa pembeni ya tausi. Pechiammal alichuchumaa karibu naye. Wote wawili walikuwa wamelelewa na unga mikononi, na kwa muda walisoma tu.

"Unaona nini?" aliuliza Poonkodi.

"Naona kazi ngumu. Huu mstari haukatiki. Umetoka kwenye mdomo, umezunguka nukta zote, umerudi mdomoni. Mimi mwenyewe nikijaribu huu napotelea shingoni."

"Mkono je?"

Pechiammal aliinamia karibu zaidi, akaguna. "Mkono mbovu, Afande. Hapa mnene, hapa umekatika, hapa ameangusha donge. Anatetemeka."

"Ndiyo. Anajua njia yote mpaka vichochoroni, lakini vidole havijui kazi."

"Kama mtu anayejua chakula kwa kuonja tu." Pechiammal akainua kichwa ghafla. "Afande! Ni yule yule wa kituo cha basi!"

"Yupi?"

"Kumbe hujasikia? Mjini hawana habari nyingine."

Wakapanda skuta, Pechiammal nyuma, na safari ya kwanza ikawa kwenye kituo cha basi mbele ya hospitali. Chini ya viti vya saruji palikuwa na kolam ya maua ya yungiyungi, nusu yake imeshaliwa na shomoro. Muuza yasmini aliyekaa pembeni, mwanamke mnene mwenye kikapu mapajani, alifurahi kuulizwa.

"La kwanza, dada, ungekufa kwa kucheka. Mbuzi akikanyaga unga angefanya vizuri zaidi. Lakini hapa watu wanatoka wodini, kila mtu na mawazo yake. Basi wakaanza kubishana, hili ni ua au ni kobe? Kuna baba mmoja alikuwa analia tangu asubuhi. Akasema ni kobe, tena kobe mgonjwa. Akacheka mpaka akakosa basi."

"Likaja la pili?"

"Likaja la pili, zuri kidogo. La tatu, zuri zaidi. Sasa watu wanawahi kuja kuona."

"Mchoraji umemwona?"

"Nikifika nakuta limekwisha. Na wala sitaki kumwona. Anayekuletea kitu cha bure usimchunguze, ataacha kukuletea." Akamtazama Poonkodi kwa makini, kofia mpaka viatu. "Kwani mnamtafuta wa nini? Mnamkamata?"

"Ndiyo kazi yangu, mama."

"Basi leo sikuuzii maua," alisema muuza yasmini, akafunika kikapu.

Chini ya daraja la barabara kuu, mahali ambapo wanaume wa mji mzima walikuwa wakijisaidia bila aibu, walikuta samaki watatu wa unga wakifukuzana kwenye duara. Hapakuwa na harufu tena. Fundi viatu wa pale aliwasimulia, huku akijipiga mapaja, jinsi mwanamume mmoja alivyokuja mbio asubuhi, akafungua zipu, akawaona samaki, akafunga zipu, akaondoka mbio zaidi ya alivyokuja. Kwenye jalala la sokoni kulikuwa na nyota kubwa, na taka zote zilikuwa zimerundikwa mbali nayo, kwenye pipa lenyewe, jambo ambalo manispaa ilikuwa imelihubiri miaka bila kusikilizwa na mtu.

"Afande," alisema Pechiammal, "tukimkamata huyu mtu, mji utatupiga mawe."

"Tusipomkamata, Karuppa anavua sare."

Wakaanza kutafuta mkono. Walipita mtaa kwa mtaa kuzunguka kituo, na nyumba zote za polisi, wakilinganisha kolam ya kila mlango na picha ya tausi. Habari zilienea kwamba Inspekta anamtafuta mchoraji hodari, na wanawake wakatoka nje wamejifuta mikono, tayari kushukiwa. Mke wa fundi saa alikasirika alipoambiwa siye. "Kwa nini nisiwe mimi? Nina nini mimi nisiweze kuchora tausi?" Mwalimu mstaafu alitaka kukiri palepale, ikabidi abembelezwe. Kulikuwa na mikono mizuri kupita ule, na mikono mibaya kuupita, lakini mkono ule wenyewe haukuwepo. Milango michache ilikuwa mitupu, haina hata nukta, na hapo Poonkodi na Pechiammal waliinamisha macho na kupita, kama inavyotakiwa.

Waliporudi kituoni jua lilikuwa utosini. Uani kulikuwa na kelele. Askari na mahabusu walikuwa wakipaza sauti kwa pamoja.

"Afande, njoo uone! Wanamla!"

Kolam ya kweli huchorwa kwa unga wa mchele ili viumbe wadogo nao wapate kifungua kinywa, na sisimizi wa Kituo cha Polisi cha Soko la Vitunguu hawakuwa wamepata mlo kama ule tangu kituo kijengwe. Misururu yao ilitoka kila ufa. Kichwa kilikuwa kimekwisha. Shingo ilikuwa imekwisha. Tumbo lilikuwa linakwenda, na shomoro wanasaidia. Lakini mkia, kuanzia kwenye unyoya fulani upande wa kushoto, ulikuwa mzima kama ulivyochorwa. Sisimizi walifika kwenye unyoya ule, wakapapasa, wakageuza.

Poonkodi alichuchumaa. Akalowesha kidole, akagusa mkia, akaweka ulimini. Akatema.

"Chokaa," alisema.

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Maabara ya serikali ilikuwa imekaa na sampuli za Dhanapal tangu sikukuu iliyopita bila kutoa majibu, na wakili wake alikuwa akitamba kila mahali kwamba unga wa mteja wake hauna doa.

"Sisimizi wameukataa!" alipaza sauti yule mwizi wa mifukoni, akitikisa nondo. "Na sisi tumeula mwaka mzima!"

"Pechi, piga picha," alisema Poonkodi, machozi ya kucheka yakimtoka. "Piga kila sisimizi. Yale magunia mengine yana lakiri zake?"

"Yote, Afande."

"Basi kesi ya Dhanapal iko palepale." Alijifuta macho, akautazama tena ule unyoya wa kushoto. Kicheko kilimwisha taratibu. "Pechi. Kichwa mpaka hapa ni unga safi, wa nyumbani. Kutoka hapa ni wa gunia. Unaelewa maana yake?"

"Alikuja na unga wake."

"Alikuja na wake, ukamwishia kazini. Huyu hakuja kuiba. Aliishiwa." Akakaa kwenye ngazi. "Sasa niambie. Nani anaijua kolam kwa macho tu, asiijue kwa vidole?"

"Mwanaume," alisema Pechiammal bila kufikiri, akacheka. "Wanaume wote wa Madurai, Afande. Wanakaa barazani na kahawa zao, wanatazama wake zao wakivunjika migongo."

"Na mwanaume kama huyo, kwa nini aanze kuchora leo? Si mkewe anachora?"

Pechiammal aliacha kucheka. "Labda mkewe hachori tena."

Walitazamana.

"Asubuhi tumeangalia milango yote?" aliuliza Poonkodi.

"Yote, Afande. Isipokuwa ile mitupu."

"Kwa nini tuliiacha?"

"Afande, nyumba yenye msiba haichori mwaka mzima. Nani ataenda kuchungulia msiba wa watu?"

Hakuna, alijisemea Poonkodi. Katika mji huu ukiona kizingiti kitupu mwezi wa Margazhi unainamisha macho, unapita, na huulizi. Yeye mwenyewe alikuwa akipita mbele ya kizingiti cha namna hiyo kila asubuhi ya Mungu, karibu kabisa na kituo, na kila asubuhi aliinamisha macho. Akawaza ni kizingiti gani ambacho mtu akitoka nyuma yake, Karuppasamy angesogeza pikipiki zote na kufunga mdomo mpaka kupoteza kazi. Aliinua kichwa taratibu na kulitazama geti la nyuma. Pechiammal naye alikuwa akilitazama.

"Aisee, Afande," alinong'ona. "Si pale."

Ilikuwa pale.

Mzee Vellaichamy, baba yake Kamishna Msaidizi, alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha mianzi, bilauri ya kahawa mkononi, akikitazama kizingiti cha saruji iliyofagiliwa ikawa tupu. Miguuni pake palikuwa na mfuko wa nguo. Alipomwona Poonkodi alisimama na kupiga saluti, mgongo umenyooka.

"Mmechelewa," alisema. "Enzi zetu tungekuwa tumefika kabla ya kifungua kinywa. Nimeshafungasha. Shuka, mswaki, dawa ya presha."

"Kaa, Mzee wangu. Leo alfajiri ulikuwa wapi?"

"Kituoni. Andika."

"Ulifanya nini?"

"Nilichora tausi. Andika tausi, usiandike ndege."

"Na gunia?"

"Nililikata mimi. Unga wangu uliishia mkiani. Ningemwacha tausi na mkia nusu? Mke wangu Angammal angenicheka."

"Ulijua ni kielelezo?"

"Binti yangu, mimi nimefunga lakiri za kituo kile mpaka nikastaafu. Nilijua. Hilo ni kosa na ninalikiri. Ingawa ule si unga, ni chokaa tupu, umenichubua vidole." Akamwonyesha. Vidole vyake vyote vilikuwa bado vyeupe.

"Karuppasamy?"

"Msimguse! Nilimwambia, mimi nilikuwa koplo wa kituo hiki wewe hujaota meno, fungua geti. Akafungua. Nikamwambia sogeza pikipiki, akasogeza. Kijana ana adabu zake."

Poonkodi alifunga kalamu. Alichotaka kuuliza sasa hakikuwa cha kuandikwa.

"Kwa nini, Baba?"

Mzee Vellaichamy aliinua bilauri, akaikuta tupu, akaishusha.

"Mke wangu alikuwa hawezi kuona mahali patupu akanyamaza. Tukipanda basi, yeye lazima dirishani. 'Tazama pale hospitalini, watu wanasubiri na roho mkononi, pangefaa yungiyungi.' 'Tazama chini ya daraja, pangefaa samaki.' Mimi nasoma gazeti. Na kituo changu! Kila Margazhi aliniomba kituo. Alisema, watu wanakuja kwenu wanalia, angalau wakute kitu kizuri uani. Nikamwambia, kile ni kituo cha polisi au ukumbi wa harusi?"

Poonkodi aliisogeza bilauri tupu pembeni.

"Sasa hii ndiyo Margazhi ya kwanza bila yeye. Mkwe wangu ananiletea kahawa, nakaa hapa nilipokaa siku zote, natazama saruji. Mila ni mila, sibishani nayo. Lakini mila imekataza mlango wetu. Haikusema neno juu ya kituo cha basi." Akacheka kidogo, akakigeukia kizingiti. "Asubuhi zote zile nilimtazama. Nayajua maua yake yote, nukta zote, wapi anaanzia, wapi anarudi. Na hata siku moja sikumwambia kwamba ni nzuri. Nilimwambia kahawa imepoa."

Mlangoni nyuma yake alikuwa amesimama Kathiresan. Alikuja nyumbani kula chakula cha mchana, alikuwa na soksi tu miguuni, kofia mkononi. Haikujulikana alikuwa pale tangu lini.

"Umesikia?" aliuliza mzee bila kugeuka.

"Nimesikia."

"Basi fanya kazi yako."

"Twende kituoni," alisema Kathiresan, na uso wake haukusema chochote. Mzee akachukua mfuko wake. Poonkodi alitaka kumpokea, akakataa.

Uani watu walikuwa wamejaa. Wanawake wa mtaani walikuwa wameshaingia getini bila kuulizwa, mke wa fundi saa yuko mbele kabisa, na wote walibanana ukutani walipomwona Kamishna Msaidizi akiingia na baba yake. Karuppasamy alisimama wima karibu na pikipiki, uso umesawijika. Kathiresan alienda mpaka ukingoni mwa mkia, sehemu pekee iliyobaki, akasimama pale muda mrefu.

"Kichwa ndicho kilitoka vizuri zaidi," alisema mzee kwa sauti ndogo. "Wamekila."

"Nilikiona asubuhi," alisema Kathiresan. Akamgeukia mzee. Kisha akasema kwa sauti ambayo hata mahabusu waliisikia: "Ni nzuri, Baba. Ni nzuri sana."

Mzee Vellaichamy alikaa kwenye ngazi na kufunika uso kwa mikono yake yenye unga. Mke wa fundi saa alianza kulia, na Pechiammal akamfuata, na Poonkodi akagundua kwamba yeye alikuwa ameshaanza zamani.

"Inspekta," alisema Kathiresan, "maelezo yake yaandike yote kama alivyosema, usipunguze. Atakwenda mbele ya hakimu, atapigwa faini, atalipa kama mtu mwingine yeyote. Konstebo Karuppasamy!"

"Afande!"

"Ulimfungulia wewe?"

"Ndiyo, Afande."

"Mbona hukusema?"

"Afande, niliulizwa kama nimemwona mwizi. Mwizi sikumwona."

Mahabusu mmoja alicheka, akazibwa mdomo na wenzake. Kathiresan alimtazama Karuppasamy kutoka masharubu hadi viatu.

"Kesho alfajiri nani yuko lindoni?"

"Mimi, Afande. Kama bado nina kazi."

"Unayo. Ile hati naichana. Baba akija, mfungulie. Na kabla hajafika nyunyiza maji ua wote, mara mbili, uache ardhi inywe. Unga haushiki kwenye vumbi kavu."

Karuppasamy akapiga saluti. Askari walitazamana. Mzee Vellaichamy aliinua uso wake kutoka mikononi, mweupe mashavu yote mawili.

"Wewe hayo uliyajulia wapi?" aliuliza.

Kathiresan alivaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Wewe ukikaa barazani, mimi nilikuwa dirishani, Baba," alisema. "Kila asubuhi."